Kuku 12 na vifaranga: nichague vyombo gani vya chakula na maji?

Bandani Kwangu

Wakuu, habari zenu.

Nina kuku wakubwa 12, mitetea 11 na jogoo wao. Mtetea mmoja ameangua, bado anatembea na vifaranga wanane. Maji nawawekea kwenye beseni, chakula kwenye sinia. Waliofuga wanajua kinachofuata: beseni linakuwa tope jua halijapanda, na sinia wanalikanyaga, wanalichakura, wanaliachia kinyesi. Chakula ninachotumia ni cha unga, cha mitetea wanaotaga. Kikishachanganyika na maranda hawakitaki tena. Kinabaki cha panya, na panya nao njia wameshaijua.

Nimeamua kununua vyombo vya maana, ila aina ni nyingi mno. Kwa maji kuna dumu la kupindua juu ya kisahani, kuna kengele ya kuning'iniza, kuna vikombe vidogo vidogo, kuna chuchu, yaani vile vya kufunga kwenye ndoo vyenye kipini ambacho kuku akikigonga kwa mdomo linatoka tone la maji. Kwa chakula kuna mtungi wa kuning'iniza, kihori kirefu, bomba lenye kona, mpaka sanduku la kanyagio ambalo kuku anajifungulia mwenyewe. Kila anayeuza anasifu chake.

Natoka asubuhi narudi jioni, mchana hapabaki mtu wa kuwaangalia. Banda lina paa la bati, mbele kuna kiuwanja cha nyavu. Mngekuwa nyie mngechukua nini? Na vifaranga watumie vyombo hivyo hivyo vya wakubwa?

Fundi Koki

Chuchu mkuu, tusizungushane. Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, toboa matundu matatu chini, funga chuchu, ning'iniza. Maji yako ndani, hakuna wa kuyaingilia kwa miguu wala kinyesi. Umoja wa Ulaya, kwenye maelekezo yao ya mwaka 1999 kuhusu mitetea wanaotaga, walihesabu chuchu moja kwa kuku 10, na kila kuku awe na angalau mbili anazoweza kuzifikia. Kwako tatu zinatosha na kuzidi.

Sasa yale ambayo muuzaji hakwambii.

Usiunge chuchu moja kwa moja kwenye bomba kuu. Zimetengenezwa kwa msukumo mdogo, maji yanayoshuka yenyewe kutoka kwenye ndoo. Ukizipa msukumo wa bomba kuu zitadondosha usiku kucha, na kuku akigusa maji yatamrukia usoni, harudi tena. Ukitaka ndoo ijijaze yenyewe, weka tangi dogo lenye boya katikati.

Mfuniko utoboe kitundu cha hewa. Ndoo iliyobana kabisa hutoa maji mwanzoni, halafu hugoma. Ukiichungulia imejaa, na kuku wana kiu.

Keekee iwe ya kipimo kile kile cha chuchu. Tundu likipanuka hata kidogo hakuna gundi itakayokuokoa. Uzi wa chuchu uzungushie tepu nyeupe ya mabomba kabla ya kukaza, na kaza kwa mkono, siyo kwa spana.

Maji yachuje kwa kitambaa. Punje moja ya mchanga ikikaa kwenye kipini, chuchu haifungi tena sawasawa.

Urefu: kuku asimame nyayo zote chini, anyooshe shingo kwenda juu kidogo ndipo aifikie. Ikiwa chini sana anaigonga kwa pembeni na maji mengi yanaishia kwenye maranda.

Mama Kishingo

Fundi, hujakosea hata neno. Ila wewe umetazama bomba, mimi natazama kuku.

Kuku hafyonzi maji. Anachota kwa mdomo, anainua kichwa, maji yanateremka kooni. Kwenye chombo cha wazi anachota mara chache ametosheka, anaenda zake. Kwenye chuchu anagonga anapata tone, anagonga tena. Kunywa atakunywa, lakini anachukua muda. Siku ya kawaida hilo halina shida. Siku ya joto, chini ya paa la bati kama la mwenye swali, wote 12 wanahema midomo wazi kwa wakati mmoja, na wale wanyonge wa kundi wanasukumwa nje. Kuku hana jasho. Anajipoza kwa kuhema, na kila pumzi inatoka na maji. Kwa hiyo mimi chuchu natumia, lakini joto likikaza lazima pembeni pawe na chombo cha wazi, kivulini, na maji yabadilishwe yakipata moto. Maji ya uvuguvugu kuku anayanusa tu na kuyaacha.

Sasa wewe mwenye banda. Anza na maji. Watu huanza na chakula kwa sababu ndicho wanachokiona kinamwagika. Mtetea anayetaga anakula kama gramu 110 hadi 130 kwa siku, na anakunywa karibu mara mbili ya uzito huo. Joto likizidi anaweza kuongeza mara mbili tena. Yai lenyewe, ukiondoa ganda, robo tatu yake ni maji. Wakikosa maji mchana mmoja hasara huioni siku ile ile. Inakuja baadaye mayai yakipungua, na wewe unamlaumu aliyekuuzia chakula. Kuku 12 wahesabie lita 3 siku ya kawaida na uwe na nafasi ya lita 6 siku kali. Kwa mtu anayeondoka mpaka jioni, kile chombo cha lita moja na nusu kinachopendeza dukani ni cha vifaranga, hicho, siyo cha mitetea.

Kwa hali yako ningechukua madumu mawili ya kupindua, siyo moja. Moja likimwagika au jogoo akiligeuza, la pili lipo. Namna linavyofanya kazi ni rahisi: maji yanashuka kwenye kisahani mpaka yazibe lile tundu la chini, hewa haiingii tena, yanasimama. Kuku wakinywa tundu linafunguka, hewa inaingia, yanashuka mengine. Ndiyo maana lazima likae mahali palipolala sawa. Likiinama, hewa inaingia kwa upande mmoja na maji yote yanaishia chini wakati wewe uko kazini. Liweke juu ya matofali, ukingo wa kisahani uwe usawa wa mgongo wa kuku aliyesimama. Mgongo, siyo kifua. Likiwa chini ya hapo, maranda anayorusha akichakura yanaingia. Kama una wakubwa na wafupi pamoja, pima kwa mfupi.

Rangi nayo siyo urembo. Plastiki inayopitisha mwanga, ukiiweka panapofika jua, inaota ukijani ndani. Chukua isiyoonyesha maji yaliyomo, hata kama itakubidi uinyanyue ndipo ujue imebaki kiasi gani.

Halafu kabla hujalipa, ingiza mkono ndani ya chombo. Kama mkono wako haufiki kila kona, rudisha. Ule utando wa utelezi unaoshika kuta za chombo cha maji hautoki kwa kusukasuka, unatoka kwa kusugua. Hapa ndipo ninapogombana na chuchu: maji yakioza ndani ya ndoo iliyofunikwa, nani anaona? Beseni lako lile chafu lilikuwa na faida moja, uchafu wake ulikuwa hadharani. Ukifunga ndoo ya fundi, jiwekee siku maalumu ya kuifungua na kuisugua, na kila asubuhi gonga kila kipini kwa kidole uone kama kinatoa maji.

Na chini ya chombo cha maji usiweke maranda. Tengeneza fremu ya mbao, juu yake wavu wa chuma, chombo kikae juu ya wavu. Yanayomwagika yanapita chini ambako kuku hawachakuri. Sababu yake ni kuhara damu. Vijidudu vyake vinatoka na kinyesi vikiwa havijaiva. Vikipata unyevu, joto na hewa, kwa siku moja au mbili vinakuwa tayari kuambukiza. Sasa niambie, ndani ya banda zima, ni wapi vyote vitatu vinapatikana pamoja? Ni lile duara la maranda mabichi linalozunguka chombo cha maji, na kuku wote wanapita hapo. Ukiona duara hilo limeanza, zoa maranda yote yaliyolowa uyatoe nje. Usiyafunike kwa makavu.

Kengele ya kuning'iniza ni nzuri kwa kundi kubwa, inahitaji bomba lake na tangi lake. Kwa kuku 12 naona ni kujitafutia kazi. Vikombe vidogo vinafaa, ila vinajaa unga unaotoka midomoni mwao, vinasafishwa kila siku.

Mabati au plastiki? Vyote vinafaa. Isipokuwa wale wanaopenda kutia siki kwenye maji ya kuku: usiitie kwenye chombo cha mabati. Asidi inakula ile zinki ya juu na kuku anainywa.

Chakula nitakirudia jioni, sasa hivi wananililia mlangoni.

Mama Kishingo

Nimerudi.

Tatizo lako la sinia ni mawili: halina ukingo wa kumzuia asichakure, na unalijaza. Kuku akila unga hali tu, anauchambua. Anatafuta vipande vikubwa, na kila anapochambua anasukuma kwa mdomo kulia na kushoto. Chombo kikijaa mpaka juu, kila msukumo unatoka nje. Jaza theluthi moja tu ya kina chake. Hili halihitaji kununua kitu, na litakuokolea chakula kingi kuliko chombo chochote utakachouziwa. Na ukichagua, tafuta chenye ukingo uliokunjwa kuelekea ndani. Weka kidole chini ya ule mkunjo. Kama kidole kinakwama, unga nao utakwama.

Nafasi: maelekezo hayo hayo aliyoyataja Fundi yanataka sentimita 10 za kihori kirefu kwa kila kuku, au sentimita 4 za chombo cha duara. Kwa 12 hiyo ni sentimita 120 za kihori, na kama wanakula pande zote mbili kihori chenyewe kinatosha kikiwa na urefu wa sentimita 60. Kwa duara ni sentimita 48 za mzunguko, yaani chombo chenye upana wa sentimita 15 na ushee. Kidogo sana, sivyo? Hesabu inakubali, kuku hawakubali. Katika kila kundi kuna mtetea anayesimama mbele ya chakula na kumdonoa kila anayesogea, hata yeye mwenyewe akiwa ameshiba. Nina mmoja hapa shingo haina unyoya hata mmoja, na ndiye bibi wa banda. Dawa yake siyo chombo kikubwa, ni vyombo viwili vilivyoachana, ikiwezekana kimoja kisionekane ukiwa kwenye kingine. Hawezi kulinda viwili.

Kwa unga wako ningechukua mitungi miwili ya kuning'iniza, yenye mdomo mpana chini. Ule mwembamba mrefu, unga unajishikilia ndani, unafanya daraja, chini wanakwangua plastiki tupu huku juu umejaa. Hasa hewa ikiwa na unyevu. Unapopita, utikise. Ukingo wake nao uwe usawa wa mgongo, kama wa maji. Kwa kuwa unaning'inia kwa kamba au mnyororo, ni rahisi kuupandisha kadiri maranda yanavyozidi kimo. Watu wanasahau hilo: wanaongeza maranda, chombo kinabaki pale pale, baada ya muda kiko kifuani mwa kuku.

Kihori kirefu ni kizuri pia, mradi juu yake pawe na mti unaozunguka. Kuku akitua mti unageuka, anashuka mwenyewe. Mti usiozunguka ni kumjengea mahali pa kulala juu ya chakula.

Bomba lenye kona kwa chakula cha unga, hapana. Kwa peleti, kile chakula cha vipande vilivyoshindiliwa, linateremsha vizuri, kwa unga linaziba kwenye kona.

Sanduku la kanyagio ni kwa ajili ya panya, na kwa panya linafanya kazi kweli, kwa sababu panya hana uzito wa kulifungua. Lakini kuku wadogo wa umbo nao uzito huo hawana, wengine wanaogopa mlio wa mfuniko, na kifaranga asilikaribie kabisa, linaweza kumbana. Wewe una vifaranga. Liache kwa sasa. Kuna njia isiyohitaji sanduku: kuku hawali gizani. Jioni wakishapanda kulala, toa vyombo vya chakula uvifungie kwenye pipa la chuma lenye mfuniko. Asubuhi virudishe. Panya watahamia kwa wasiofanya hivyo.

Chakula kikae chini ya paa, mbali kidogo na maji, hatua kadhaa hivi. Vikikaribiana kuku anatoka kwenye unga na mdomo umejaa, anausuuza kwenye maji, jioni unakuta uji. Na chakula kikilowa usikianike. Kitupe. Chakula kilichoota ukungu kinaweza kuwa na sumukuvu hata ukikausha ukaona kimerudi rangi yake.

Bandani Kwangu

Shikamoo Mama Kishingo. Mimi ni kaka. Nimesoma yote mara mbili, ya jioni nimeyasoma nikiwa nimesimama mbele ya sinia langu kwa aibu.

Fundi, nimevutiwa na ndoo yako, nadhani nitaweka moja pamoja na dumu moja. Lakini hawa wangu wamezoea beseni tangu wazaliwe. Watajuaje kwamba kile kipini kina maji?

Na vifaranga bado hatujawagusa.

Fundi Koki

Rangi ya kipini inasaidia, wengi wanavutwa na nyekundu na chuma kinachong'aa. Gonga kwa kidole tone litoke, wakiwa wanatazama, asubuhi wakiwa na kiu kidogo. Mmoja akidonoa akapata maji, wengine wanamwiga. Usiondoe maji ya wazi mpaka umemwona kila mmoja akinywa kwenye chuchu, na nasema kila mmoja, siyo wengi wao. Mkubwa mzee huwa wa mwisho. Mwingine hajifunzi kabisa, na huyo utamwachia dumu lake.

Usifunge chuchu moja moja kila kona. Zikae mbili au tatu karibu karibu, ndiyo wataona wenzao wanafanya nini.

Kuna zile chuchu za ubavuni pia, zinafungwa kwenye ukuta wa ndoo badala ya chini. Faida yake ndoo unaweza kuikalisha juu ya tofali bila kuning'iniza, na hazidondoshi ovyo kama za chini. Kwa mtu anayetoboa mara ya kwanza ningemshauri hizo.

Mama Kishingo

Marahaba kaka.

Vifaranga sasa. Kwanza, usiwaache wale chakula cha mama yao. Siyo suala la chombo tu. Chakula cha mitetea wanaotaga kina kalisi (kalsiamu) nyingi kwa ajili ya maganda, kama asilimia 3.5 hadi 4, wakati kifaranga anahitaji karibu asilimia 1. Kalisi hiyo ikimzidi inamharibu figo. Kuku mkubwa akila chakula cha vifaranga kwa muda haidhuru, ilimradi magamba ya kalisi, yale maganda ya chaza yaliyopondwa, unawawekea pembeni. Kwa hiyo una njia mbili. Ama wote wale chakula cha vifaranga mpaka hawa wakue, na magamba yakae kwenye kopo lake. Ama uwatengenezee vifaranga kizimba cha nyavu chenye milango midogo, wao wanapita, mama yao hapiti, chakula chao kiko ndani. Mimi ningefanya kizimba, kwa sababu mama akiwa na vifaranga anachakura kuwaonyesha chakula, na chombo kidogo anakipindua kwa mguu mmoja.

Chombo cha kwanza cha chakula cha kifaranga kinaweza kuwa trei ya karatasi ya mayai. Iko chini, vishimo vinazuia unga usirushwe mbali, ikichafuka unaitupa. Wakipata wiki moja na ushee hamia kwenye kihori kidogo chenye matundu juu, kila tundu kichwa kimoja.

Maji ndiyo ya kuogopa. Kifaranga analowa, anapata baridi, anakufa. Na kwenye chombo kipana anazama hata kama kina chake ni kidogo. Chukua dumu dogo la kupindua lenye kisahani chembamba, na wiki ya kwanza jaza kokoto safi kwenye kisahani, maji yabaki katikati ya kokoto. Beseni lile ondoa leo, kaka, siyo kesho. Wakianza kuwa na manyoya ya mabawa, toa kokoto na weka dumu juu ya kipande cha tofali, uwe unapandisha kadiri migongo inavyopanda.

Kwa wale wanaolea vifaranga bila mama, chini ya taa: chombo cha maji kisikae chini kabisa ya taa, maji yanapata moto. Kiwe pembeni ya mwanga, mahali wanapofika bila kutoka kwenye joto lao.

Bwana Zizi

Samahani kwa kuingilia, naona hakuna aliyegusia chanjo, na chanjo inahusu vyombo hivi hivi.

Chanjo hai ya kideri, ile inayochanganywa kwenye maji, inakufa kwa klorini na kwa mabaki ya dawa za kusafishia. Siku ya chanjo vyombo vioshwe kwa maji matupu, na viwe vya plastiki, chuma si rafiki wa chanjo. Kuku unawanyima maji saa moja au mbili ili wawe na kiu. Maji yawe hayana klorini. Wengi wanaongeza maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 hivi kwa lita, kuilinda chanjo. Na yote yaishe ndani ya saa mbili. Fuata zaidi maelekezo ya chupa yako.

Sasa ndoo ya chuchu hapo haikusaidii. Maziwa yanaziba vipini, na kwa kugonga matone, kuku wa mwisho anaweza kufika chanjo ikiwa imeshakufa. Unahitaji visahani vya wazi ambavyo angalau theluthi mbili ya kundi wanaweza kunywa kwa wakati mmoja. Kwa 12 hiyo ni wanane. Madumu mawili ya kupindua aliyosema Mama yanafaa, na ukitumia chanjo ya kudondosha jichoni hili lote halikuhusu.

Jogoo Mkimya

Kwani lazima kununua? Mimi dumu la plastiki la kawaida nimekata dirisha mbili ubavuni, nikaning'iniza, wanaingiza vichwa wanakula. Maji nimetoboa ndoo karibu na kitako, nikaifunika kwa nguvu na kuipindisha juu ya beseni dogo, na inafanya kazi.

Mama Kishingo

Hapana kosa Jogoo, ila mambo mawili. Ndoo yako ukiipindua, mfuniko ndio unaokuwa chini, kwa hiyo tundu liwe karibu na mdomo, siyo kitako. Nadhani ndivyo ulivyofanya ukaandika haraka. Tundu liwe chini ya ukingo wa beseni, vinginevyo yatafurika yote. Na usipoipindua, ukaitoboa karibu na kitako, basi mfuniko wa juu ndio usipitishe hewa hata chembe.

La pili ni dumu lenyewe lilikuwa la nini. La mafuta ya kula ni sawa likioshwa. La dawa ya kunyunyizia mimea, la mafuta ya gari, la rangi, hata uoshe mara ngapi, lisiguse mdomo wa kuku. Plastiki inanyonya. Na ukingo wa dirisha ulizokata uchome kidogo kwa moto au uzungushie mpira, vinginevyo vishungi vyao vinachanwa.

Jogoo Mkimya

Kweli, ni karibu na mdomo. Dumu lilikuwa la mafuta ya kula. Kingo sikuchoma, naenda kuziangalia.

Bandani Kwangu

Basi nimepanga hivi: ndoo moja yenye chuchu tatu za ubavuni, dumu moja la kupindua la lita 5 lisiloonyesha maji, mitungi miwili ya chakula yenye mdomo mpana, dumu dogo na trei kwa vifaranga ndani ya kizimba. Fremu ya wavu naitengeneza mwenyewe. Sinia limerudi jikoni, limeshasuguliwa.

Moja la mwisho. Magamba ya kalisi na changarawe nivichanganye kwenye mtungi wa chakula au?

Mama Kishingo

Usichanganye. Kila mtetea anajua kiasi chake. Anayetaga anafuata magamba jioni zaidi, wakati ganda linapotengenezwa, jogoo hana haja nayo. Viweke kwenye makopo mawili madogo uyafunge ukutani kwa waya, usawa ule ule wa mgongo, chini ya paa. Pawe mahali ambapo juu yake hapana fito ya kulalia. Na lile sinia ulilolirudisha jikoni, kabla hujalitumia limwagie maji yanayochemka kwanza, kusugua peke yake hakutoshi.